Boga la Ng'ambo ya Kamba

Fundi cherehani wa ng'ambo ya ukuta anasimulia hivi, na akishaanza huwezi kumkatiza: kwamba asubuhi ile alipanda juu ya ndoo ili aanike mashuka ya mteja, akatupa jicho uani kwetu bila nia mbaya, akamwona mama yangu amepiga magoti, kisu cha jikoni mkononi, anakata shina la boga la kaka yangu huku anacheka. Anasema kicheko chenyewe hakikuwa cha mtu mwenye akili zake. Anasema mama alipomaliza alikifuta kisu kwenye sketi, akaketi palepale kama mtu aliyeepua chungu.

"Kijana wa watu amelima, amemwagilia, amepalilia," anasema Fundi, na hapo huikanyaga pedali ya cherehani kwa hasira, "halafu mzazi wake mwenyewe anamkatia riziki. Wivu huo. Kuna watu huzeeka na busara, wengine huzeeka na wivu."

Watu wanamwamini. Mimi sibishani naye, maana kubishana na Fundi ni kumpa kitambaa, suti atajishonea mwenyewe. Ila siku ile nilikuwa uani, ndoo ya maji mkononi, karibu kabisa na mama. Kucheka hakucheka. Kukata, alikata. Lakini kisu alipewa.

Nianze na kamba, kwa kuwa kamba ilitangulia boga.

Kaka yangu alikuwa dereva wa lori la kiwanda cha kusaga unga. Kiwanda kilipofungwa alirudi nyumbani na vitu viwili: gunia la unga, na bunda la kamba ya manila ambayo walikuwa wakifungia mizigo. Siku za kwanza alilala tu, uso ukutani. Kisha asubuhi moja akasimama kwenye mlango wa nyuma akautazama uwanja wetu. Ulikuwa na bomba, bafu la mabati pembeni, mahali pa kuanikia nguo, na magugu ya kufika magotini.

"Mimi sitampigia mtu magoti tena nikiomba kazi," akasema. "Uwanja huu utatulisha."

Tulifurahi, sitadanganya. Na kulima alilima. Mikono ya usukani ilichubuka ikatoa malengelenge, akaifunga vitambaa akaendelea. Alichimba shimo la kuozesha takataka za jikoni, ikawa hata ganda la kiazi huwezi kulitupa bila kuulizwa. Aliomba samadi kwa mfuga kuku, akaiacha ikae ipoe, kwa sababu mbichi inaunguza mizizi. Wifi yangu alimtania: "Nimeolewa na dereva, nimeamka na mkulima." Kaka akamjibu, "Usihofu, breki ni zilezile." Tulicheka wote siku hiyo, hata mama.

Gunia lilipokaribia kwisha, alituita uani. Alikuwa amepiga vigingi na kuvuta ile kamba ya manila kutoka kigingi hadi kigingi. Uwanja ulikuwa umekatwa vipande vinne. Nyumbani tulikuwa watu wanne: yeye, mkewe, mama na mimi.

"Unga ukiisha," akasema, "mdomo wa kila mtu uko kwenye tuta lake. Chumvi, kiberiti na sabuni nitahangaika mimi. Maji yapo. Mengine yote, mtu atakula alichopanda kwa mkono wake. Asiyefanya kazi na asile. Na neno hilo sikulitunga mimi." Akamgeukia mama. "Au silo, mama?"

Mama akawa anaangalia bomba linavyodondoka.

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo. Mama alitulea kwa kuuza mboga sokoni. Kaka ndiye aliyekuwa mkubwa, kwa hiyo alibeba kapu. Akitoka shule alizunguka mitaa na mchicha kichwani, na jioni alilirudisha kapu kwenye meza ya mama. Likirudi tupu, alikula. Likirudi na mboga, hakula. Mama hakumpiga hata siku moja, hakuwa mtu wa fimbo. Alikuwa anamwambia tu, "Kula ulichouza." Mimi nilikuwa mdogo bado, nakaa chini ya ile meza na sahani yangu, na nikiinua macho kilichoonekana ni miguu ya kaka imesimama, vumbi hadi magotini. Haiondoki, na wala haikaribii.

Ndiyo maana mama aliangalia bomba.

"Basi mama achague kwanza," kaka akasema. "Mkubwa ni mkubwa."

Tuliona ni heshima. Mama akapita kipande kwa kipande, akajishika kiuno akainama, akapekua udongo kwa vidole kama anayechagua njegere. Akachagua tuta la ukutani, lililopakana na bafu, maana udongo wa pale ulikuwa mweusi na umelowa, na wa kwingine ulikuwa mkavu wa kahawia. Maisha yake yote mama aliujua mchicha kwa fungu. Shina lake hakuwahi kulilea. Kwa macho ya sokoni, chenye maji ndicho kizima. Mboga ikionekana imekauka, unainyunyizia maji, mteja anakuja. Hakujiuliza maji yale yalitoka wapi. Yalitoka bafuni, na povu lake, yakipenya chini ya bati. Na yalikaa pale kwa kuwa jua, kwa ule ukuta wa Fundi, lilikuwa halifiki.

Kaka alijua. Uwanja mzima aliulima yeye, angekosaje kujua? Nilimwona anavyomtazama mama akinusa ule udongo kwa furaha, na uso wake ulikuwa wa mtu anayemwona mwenzake anakwenda kukalia kiti kibovu, naye ananyamaza.

"Umepata pazuri, mama," akamwambia. "Una jicho."

Tukapanda. Wifi alipanda mahindi na maharage. Mimi nilipanda viazi vitamu, na mchicha pembezoni. Kaka, aliyebaki na kipande cha bombani chenye jua kutwa nzima, akapanda kila kitu: nyanya, vitunguu, kunde, kabichi, na kila asubuhi alizungumza na mimea yake kwa upole ambao sikuwahi kuusikia akizungumza na mtu.

Miche ya nyanya ya mama ililegea shingo ikalala chini. Mchicha wake ulirefuka, mwembamba, wa njano, ukiinamia upande wa jua kama wagonjwa wanaochungulia dirishani. Akapanda tena, ukafa tena. Mwishowe alitia mbegu ya boga moja, aliyoiokota kwenye takataka kabla haijatupwa shimoni, na akaacha kupanda kitu kingine chochote.

Jikoni tukawa na sufuria nne kwenye jiko moja, kwa zamu. "Nyumba hii," wifi alisema, "kila sufuria ina ukoo wake." Sufuria ya mama ndiyo iliyokuwa nyepesi kubeba. Alikuwa akiifunika vizuri sana, akafunua na kukoroga kama wenzake, na ndani yake kulikuwa na maji, chumvi na majani aliyoyajua mwenyewe.

Nilianza kumwekea viazi. Nilikuwa navifunika kwa tambara la kufutia sufuria, navitumbukiza kwake zamu yangu ikiisha. Siku ya tatu au ya nne wifi alifunua tambara. Akalirudishia, akaendelea na kazi yake. Jioni kaka alikuja uani, akang'oa kigingi cha tuta langu, akapiga hatua moja ndefu kuingia ndani, akakigongomea pale.

"Una cha kugawa," akasema, "maana yake kipande ni kikubwa kwako."

"Kaka, ni mama yetu."

"Nimesema si mama yetu? Kipande kilichotoka ni cha nani? Nimekichukua mimi? Mpe yeye alime basi."

Lakini mama hakuwa na nguvu ya kulima, na kipande kile kikaota magugu. Nikamwekea tena viazi, kigingi kikasogea tena. Mwisho tuta langu likabaki saizi ya mkeka wa mtu mmoja, na mama akaanza kuvitoa viazi kwenye sufuria yake kwa kijiko na kuvirudisha kwangu. "Ukibaki bila kitu, nani atanizika?" akasema. Nilipomlaumu wifi kwa kusema, alinijibu bila chuki yoyote, akipeta maharage yake: "Wifi yangu, wewe hapa una mama na kaka. Mimi nina mume tu."

Na kumbe nje ya ukuta tulikuwa tunasifiwa. Fundi ndiye aliyempa kaka jina la Bwana Kamba, naye alilipenda. Wakati wa nyanya, kaka alijaza bakuli nyanya nyekundu zinazong'aa, akapanda juu ya ndoo akampitishia Fundi juu ya ukuta, palepale juu ya tuta la mama, mama akiwa amekaa chini yao.

"Bwana Kamba, wewe ni mfano," Fundi alisema. "Wengine wakifukuzwa kazi wanalewa. Wewe umefungua soko nyumbani."

"Kujitegemea, Fundi. Siri ni kujitegemea tu."

"Na bibi huyo naye analima?"

"Mama? Alichagua mwenyewe kipande kizuri kuliko vyote. Muulize."

Mama akasema, "Kizuri, ndiyo." Nyanya moja ilidondoka bakulini ikapasukia kwenye tope lake. Hakuigusa mpaka walipoondoka. Nilikuwa nafua. Niliendelea kufua, nikaligeuza lile shati upande wa pili.

Sasa boga.

Boga halina adabu ya kamba. Lilipoota lilipeleka mkono huku, likakuta ukuta. Likapeleka huku, likakuta bati. Kisha likajinyoosha chini chini, likapita chini ya manila, likaingia kwa kaka kwenye jua. Huko likanenepa. Majani yakawa mapana kama masinia. Upande wa mama yalibaki madogo, lakini yalikuwa majani, na mama alikula hayo na ndiyo yaliyomrudishia uso kidogo. Halafu siku moja wifi akaita, "Njooni mwone!" Katikati ya vitunguu vya kaka kulikuwa na boga, limekaa kama mgeni aliyejikaribisha.

Lilikua haraka. Mama akawa anakaa kwenye ndoo kando ya kamba kila asubuhi, analitazama. Hakusema kitu juu yake mpaka lilipofikia ukubwa wa kichwa cha mtu. Hapo akamwambia kaka, bila kumtazama, "Likikomaa nitalichuma."

"Lipi?" akauliza kaka.

"Hilo boga langu."

"Mama, mimi naona boga moja tu hapa, nalo liko kwenye vitunguu vyangu. Linakunywa maji yangu. Limelalia samadi yangu."

"Shina liko kwangu."

"Na tunda liko kwangu." Akachuchumaa, akalibonyeza kwa ukucha. "Bado bichi. Ukucha unaingia. Mvumilivu hula mbivu, mama."

Ng'ambo ya ukuta cherehani ilinyamaza. Ilikuwa kawaida, wakati wowote mtu akipaza sauti kwetu, ile cherehani ilinyamaza.

Walibishana siku kadhaa. Siwezi kusema walipiga kelele. Mama alikuwa akisema "shina," kaka akisema "tunda," kama watu wanaosalimiana. Wifi akachoka, akasema lipikwe ligawanywe, na kaka akamwambia basi aanze yeye kugawa maharage yake. Mimi nilikuwa nachungulia kikonyo kila siku. Boga likikomaa kikonyo kinakauka na kuwa kigumu kama ubao, na kile kilikuwa bado kibichi, lakini kilishaanza kubadilika.

Asubuhi ile anayoisimulia Fundi, kaka alitoka jikoni na kisu. Akamwendea mama pale kwenye ndoo yake, akampa kisu upande wa mpini, kwa adabu kabisa.

"Tumechoka na maneno," akasema. "Mimi si mtu wa dhuluma. Kata hapa kwenye kamba. Kila mtu abaki na chake. Wewe na shina lako, mimi na tunda langu."

Mama akakishika kisu. "Na nisipokata?"

"Usipokata, likikomaa nitakula. Na majani yaliyoko huku nitakula. Au uniombe."

"Nikuombe nini?"

"Unajua."

Mama alishuka kwenye ndoo, akapiga magoti, akatambaa. Lakini hakwenda kwenye kamba. Aliipa kamba mgongo, akarudi hadi ukutani, kwenye tope la bafu, akafika pale shina linapotokea ardhini, akalikata hapo. Mara moja tu. Kisha akakirudisha kisu kwa kaka, kwa mpini vilevile.

"Chukua tunda lako," akasema.

Kufikia jioni majani yote yalikuwa yamelala, ya kaka na ya mama. Kaka alilichuma lile boga likiwa changa, akaliweka kwenye dirisha la jikoni, upande wa ndani, mahali ambapo sufuria ya mama ilikuwa inasimama. Mtu angeweza kulipika. Boga changa halina utamu, lakini ni chakula. Mimi nilisema nalipika. Kaka akasema, "Tunda lisilo na shina haliliwi." Likakaa pale. Likanyauka, likatoboka upande wa chini, likaanza kutoa maji, na wifi akawa anafuta dirisha kila siku kulizunguka, bila kulisogeza.

Fundi alipata nyanya siku hiyohiyo, na hadithi aliyokwisha kuianza akaimalizia na nyanya mkononi.

Mama sasa hakuwa na jani hata moja. Alikula maganda yangu ya viazi, ambayo kwa sheria yalikuwa ya shimoni, na maji ya chumvi. Mdomo wake ukapasuka pembeni. Alikuwa akienda bafuni anashika ukuta kwa mikono miwili. Niliona kwamba huyu hafiki mavuno yoyote.

Nikamfuata kaka akiwa shimoni anageuza mbolea. Nikashika koleo la pili tukageuza pamoja kwanza, kwa sababu kaka haongei na mtu aliyesimama bure.

"Kaka," nikasema, "unataka nini kwa mama?"

"Sitaki kitu. Kila mtu ana tuta lake."

"Kaka."

Akageuza koleo mara kadhaa. Mvuke ulikuwa ukitoka. "Aniombe," akasema. "Basi. Neno moja. Kwa mdomo wake, siyo kwa kunitazama sufuria. Aseme, naomba chakula. Mimi nimelisema mara ngapi, wewe unajua? Hujui. Ulikuwa chini ya meza unakula."

"Akikuomba?"

"Siku atakayoniomba, kamba hii naikata yote mbele yenu. Tutakula sufuria moja."

"Unaapa?"

"Nishawahi kukudanganya?"

Hakuwahi. Hilo nalisema kwa haki. Kaka yangu alikuwa na mengi, lakini akisema atapiga kigingi, anapiga.

Kwa hiyo nikaanza kazi kwa mama. Sikumshambulia. Mama ukimshambulia anafunga mdomo. Nilimwosha miguu kwenye beseni, nikamkata kucha, nikamwambia leo kidogo na kesho kidogo. Kwamba ni neno tu. Kwamba neno halina uzito, mtu analisema na kulimeza. Kwamba kaka ameapa.

"Ameapa kwako au kwangu?" akaniuliza.

"Kwangu. Lakini ni mtu wa neno lake."

"Najua ni mtu wa neno lake. Nilimfundisha mimi." Akaitazama miguu yake ndani ya maji. "Wewe husemi, lakini unakumbuka sokoni."

"Nakumbuka miguu yake."

"Alikuwa anasimama mbele ya meza, nami nafunga mafungu. Anasema, mama, naomba chakula. Nami nafunga. Anasema tena. Nafunga. Ukimjibu mtoto hapana, atalia. Ukimjibu ndiyo, kesho atarudisha kapu limejaa. Kwa hiyo unafunga mafungu yako kama hujasikia, mpaka anaondoka mwenyewe." Akainua mguu mmoja kwenye maji. "Alikuwa anachelewa kuondoka, huyo."

Nikamfuta miguu.

"Nikimwomba," akasema, "nimwite nani? Sijawahi kumwita baba. Wewe nakuita mama kila siku, yeye namwita we." Kisha akacheka, na hicho ndicho kicheko pekee nilichokisikia kwake msimu ule wote, kifupi, kama mtu aliyekwaruza koo. "Basi. Kesho. Mchana, siyo gizani kama mwizi. Na usinishike mkono."

Usiku huo nililala vizuri.

Kesho yake kaka alikuwa amevuna mchicha. Ulikuwa mwingi, umemwagwa chini kwenye gunia kuukuu, naye amekaa katikati yake kwenye kigoda, kisu pembeni ya mguu, anafunga mafungu ya kumpelekea Fundi na majirani wengine. Wifi alikuwa anaosha sufuria bombani. Maharage yake yalikuwa jikoni, yanachemka, harufu imejaa uani. Nilimtazama kaka, nikamtikisia kichwa kidogo, akajua. Akakitazama kisu. Akaitazama kamba. Nikaona ameelewa kwamba ni leo, nikahisi mwili wangu wote umekuwa mwepesi.

Mama akatoka mlango wa nyuma. Alikuwa amechana nywele na kuvaa ile sketi yake ya sokoni, ambayo sasa alikuwa ameikunja kiunoni mara mbili ili isidondoke. Akatembea mwenyewe. Nilikaza mikono yangu mgongoni nisije nikamshika. Alipofika kwenye kamba hakuivuka. Alisimama upande wake, vidole vya miguu vikiwa karibu kuigusa, na tope la bafu limempanda hadi juu ya kifundo.

Wifi akafunga bomba.

"Baba," mama akasema.

Kaka akainua kichwa kwa hilo neno. Niliuona uso wake, na kwa muda mfupi sana ulikuwa uso nisioujua, wa mtoto. Kisha akainamisha kichwa tena.

"Baba, naomba chakula."

Alilisema vizuri. Hakulimeza nusu. Cherehani ya Fundi, iliyokuwa inakimbia tangu asubuhi, ilisimama.

Kaka akachukua mashina ya mchicha, akayakusanya kwenye kiganja, akayagonga gonga kwenye goti ili mizizi ilingane. Akalizungushia ukili, akakaza kwa meno. Akaweka fungu chini, juu ya mengine. Nikangoja. Akanyoosha mkono akakichukua kisu, nami nikaangalia ile kamba ya manila, mahali nilipodhani atakata kwanza. Akakata mizizi ya fungu iliyotokeza. Akakirudisha kisu pembeni ya mguu. Akachukua mashina mengine.

"Kaka," nikasema.

Akagonga mashina kwenye goti.

Maharage yalikuwa yanafurika jikoni, nilisikia povu likidondokea moto, na wifi hakwenda kuyafunua. Hakuna aliyetoka mahali pake. Mama alikuwa ameshika kamba sasa, kwa mkono mmoja, siyo kuivuka, ni kujizuia asianguke, na kamba ilikuwa inatetemeka mpaka kwenye kigingi cha mbali. Kaka akafunga. Akaweka. Akachukua mengine.

Mama akapandisha sauti, ile ya sokoni, iliyokuwa ikifika hadi kwa wauza samaki.

"Baba," akasema. "Naomba chakula."